Ndoo ya Miwani

Katika chombo kilichowachukua wapiga mbizi kutoka Likoni na kulala nao miambani siku kadhaa, Kuluthum, mpishi, alimjua mtunza vifaa kwa mikono yake: fundo alilolifunga halikufunguka. Zamani mwanamume huyo naye alikuwa mpiga mbizi, hata kiwambo cha sikio kilipopasuka, tabibu akamkataza kuzama maisha. Wageni walipoibuka, aliwapokea mitungi ya hewa na kuwauliza kwa sauti ya chini, "Yule samaki chewa wa pangoni yupo?" Wakisema hawakumwona, chai yake hupoa mkononi.

Kila asubuhi aliipima miwani yao: huivaa mmoja mmoja, akatia uso ndooni aone kama yavuja. Siku moja Kuluthum alipita na sinia la mahamri, akamkuta ameinama kitambo kirefu, pumzi kaibana.

"Kaka, humo mna samaki?"

Akainua uso, maji yakimchuruzika ndevuni. "Wamo, dadangu. Ila umekuja kwa kishindo, wamekimbia."

Kuluthum akacheka. Ndipo alipoona kuwa miwani ile si ya mgeni. Ilikuwa kuukuu, ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mwanamume akainama tena. Kuluthum akavua makubadhi, akaondoka akinyata.