Ukuta wa Mkubwa

Wivu ninaousimulia hapa ni wangu, simsingizii shetani. Mke wa shemeji yangu aliolewa miaka kumi baada yangu, lakini kikundi chetu cha mwethya, cha kina mama wanaosaidiana kazi kwa zamu, kilimpenda yeye. Kwake walifika jua halijachomoza, wakiimba. Kwangu walikuja mmojammoja, wakiuliza chai iko wapi.

Mto wetu huku Kibwezi ulipofurika ukabomoa ukuta wa mawe uliokinga mashamba yetu mawili, mwenyekiti alisema tuanze kuujenga kwake, kwa kuwa yeye yuko upande wa juu, maji yanakotokea. Mimi niliona ni upendeleo ule ule. Vitunguu vyangu vilikuwa vimebakisha wiki tatu tu vivunwe, na sikuwa na tegemeo lingine mwaka ule.

"Tangu lini mdogo akapakuliwa kabla ya mkubwa?" niliuliza.

Kwetu swali hilo halijibiwi. Yule mdogo mwenyewe ndiye aliyesema, "Ni sawa tu, dada. Wewe ndio ulitangulia hii boma. Waanze kwako." Adabu yake ilinichoma kuliko tusi.

Tulisomba mawe, tukachanganya saruji, na baada ya siku nne kipande changu kilisimama. Nilikipiga picha kwa simu nikawatumia watu hata wasiouliza.

Siku ya kikundi kuhamia kwake kujenga, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Maji yaliingia kwenye pengo lake, yakakata shamba lake mbio, yakateremka hadi kwangu kwa nyuma. Yalipofika pale ukuta wangu mpya unapokunja kona kufuata mto, yalikosa pa kutokea. Yakajaa shambani kama kwenye karai, vitunguu vikiwa chini.

Nilishika mtaimbo nikapiga ukuta mara kumi huku nalia. Haukutikisika. Wa kwanza kunifikia alikuwa yeye, matope hadi magotini. "Leta, dada. Maji lazima yatoke."

Alipiga mara tatu, jiwe likang'oka, maji yakafumuka kurudi mtoni. Tuliokoa matuta mawili. Hakunikumbusha lolote, wala siku ile wala baadaye.

Watu hudhani hapo ndipo nilipompenda. Nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba hata kuubomoa ukuta wangu mwenyewe amenishinda.