Mshenga Aliyesikika Redioni

Jamani, ushenga si kazi ya kila mtu. Binamu yangu Saidi alinituma Kabuku nikamposee binti wa mzee Mhina. Ili nisibabaike, tulijirekodi kwenye simu tukifanya mazoezi.

Nilipofika niliegesha pikapu nje ya ua wa mzee, nikaona nijisikilize mara ya mwisho. Nilikuwa na kidude kipya cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, kinachorusha sauti ya simu hadi kwenye redio. Nikatafuta masafa yanayokwaruza tu, nikajua hayana mwenyewe.

"Kijana wetu hagusi pombe," nilisikika nikinyenyekea.

"Hilo nalo utalisema?" Saidi naye akasikika akiangua kicheko.

"Nitalisema. Mzee atajulia wapi?"

Nikaridhika, nikavaa kofia, nikapiga hodi. Barazani mzee Mhina alikuwa ameinamia redio yake, na wazee wenzake wamemzunguka kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tunasubiri matangazo ya vifo, stesheni inakwaruza, mara ukaja wewe, safi kabisa. Karibu ukae. Hebu tuanzie pale kwenye pombe."