Funza Watatu kwa Siku

Mimi si mtu wa kukaa chini. Tangu utotoni nina kiherehere. Ukinipa kinu, natwanga huku nachungulia nje kuona nani anapita. Angetokea mtu akaniambia kwamba uhai wetu utategemea kutulia na mwiba mkononi, ningemcheka.

Enzi hizo za Mdachi, kabla reli haijatufikia, tulikaa upande wa Chamwino, baba, mama na mimi, ndani ya tembe moja na ndama na mbuzi. Misafara ya wapagazi ilipita kwetu, na nyuma yao wakaja funza. Hatukuwajua. Ni mdudu mdogo kuliko kiroboto, anaingia chini ya ukucha na kunenepa humo hadi awe kama punje ya uwele. Watu walisema ni uchawi wa wapagazi, wakachoma miguu kwa majivu ya moto. Mama naye alichoma. Akapoteza kidole, na funza wakabaki palepale.

Mwaka huo mvua ikakataa. Baba akasema uwele ukiisha ghalani tunahamisha ng'ombe hadi Kondoa, kwa rafiki yake wa kule milimani. Ni mwendo wa siku nyingi, na mama hakuweza kufika hata kisimani. Baba hakusema atamfanyaje, nami sikuthubutu kuuliza. Nililala roho juu.

Nikala kiapo. Nitatoa funza wote kwa siku moja, nitamwagia sakafu maji asubuhi na jioni kuua vumbi wanamozaliana, ndama watalala nje. Loo! Maji yenyewe tulichimba mchangani, kule korongoni, mtungi mmoja nusu ya asubuhi. Ndama walilala nje usiku mmoja tu, fisi wakalia, baba akawarudisha ndani. Mama nilimchokonoa kwa mwiba kutwa nzima mpaka miguu ikavimba na homa ikamshika. Siku ya nne nikautupa mwiba. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na miguu yake kuliko wote.

"Watatu," mama akasema homa ilipopungua. "Kila siku watatu. Hao naweza kuvumilia. Ukigusa wa nne nakuchapa mwiko."

Wakati aliupanga yeye mwenyewe: chungu cha mlenda kikiteremka motoni, kabla mtu hajagusa ugali. Alisema nina kichwa cha kusahau, lakini tumbo langu halisahau. Basi ikawa hivyo. Funza watatu, mafuta ya nyonyo, kisha tunakula. Habari ya sakafu nzima tuliiacha. Tuliloweka kipande anacholalia yeye tu, kwa maji tuliyokwisha kunawia.

Mweh, nilivyochukia! Kila jioni nilichungulia ghala, nikarudi kutazama nyayo zake, nikaona ghala linapungua upesi kuliko funza. Nilitamani kumshika kwa nguvu nimalize. Naye nikimaliza watatu wake huniambia, "Haya, lete na miguu yako." Nami nilijibu, "Kesho, mama." Nilikuwa nao wachache tu, na kuni hazijaletwa, na mbuzi hawajafungiwa. Kesho yake nikajibu vilevile.

Uwele ulipoisha, mama alikuwa anatembea. Anayumba, lakini anatembea! Nilipiga vigelegele peke yangu uani, tukaondoka.

Siku ya tatu njiani, mimi ndiye niliyeketi. Kisigino kimepasuka, nyayo zimejaa funza, siwezi kukanyaga. Baba aliitazama miguu yangu, akawatazama ng'ombe walivyotoa ndimi. Wakilala tena bila maji ya kutosha, wangeanguka.

"Wewe nenda nao," mama akamwambia. "Sisi tutakuja."

Baba akatuachia kifuko cha uwele tuliokuwa tumeubakiza kwa safari, na mbuzi mmoja wa maziwa. Akasema akifika Kondoa atatungoja siku tano, zikipita atajua tumekufa. Aliondoka bila kugeuka, nami nikamchukia kwa hilo, leo namwelewa.

Tulibaki penye kisima kidogo cha wachungaji, kisichotosha kundi. Mama akachukua mwiba.

"Toa wote, mama! Toa wote twende!" Nililia, nikamtolea maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Akatoa watatu. Akaufuta mwiba, akanipaka mafuta, akanipa kiganja cha uwele wa kukaanga. Kesho yake watatu tena. Siku tano zikapita, nami bado nimelala, nataka kuamka, na yeye ananikalia mapajani nisisimame. Usiku tulisikia simba, tukakoka moto. Siku ya tisa nilikanyaga. Tulikwenda polepole sana, tukipumzika kila nilipochechemea.

Kondoa tuliingia mchana. Baba alikuwa ananywesha ng'ombe, ametupa mgongo. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, kinang'aa juani. Alikwisha kutukalia matanga.

Alipogeuka, kibuyu kikamdondoka. Alipiga magoti kwenye tope la ng'ombe, akazishika nyayo zangu kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mbele za watu, mtu mzima yule. Niliona aibu hata nikatamani ardhi inimeze, maana msiba ule nilimletea mimi.

"Basi, mume wangu, nywele zitaota," mama akamwambia, huku anajifuta macho. "Tupe chakula."