Askofu Aliyehurumiwa

Gerishon Ng'ang'a ana duka la mbegu na dawa za mifugo huko Munyaka, na wakulima hutoka hadi Moiben kuja kununua kwake kwa sababu hamdanganyi mtu. Uongo wake wote huuweka akiba kwa ajili ya sataranji. Akishinda, ni akili. Akishindwa, ni jua, ni mteja, ni kiti kinachoyumba.

Safari hii alisema ni mke wake. Alikuwa amecheza dukani na rafiki yake Wabuge, karani wa ghala la mahindi, akashindwa. Jumapili iliyofuata, mkewe Virginia akiwa Soy kwa dada yake, Gerishon alisimama kanisani kutoa ushuhuda wa uvumilivu katika ndoa. Akaeleza kwamba mchezo ulikuwa wake kabisa, mpaka mkewe alipompigia simu kuuliza habari ya mtungi wa gesi. Kuta zina masikio, na za mabati zina mdomo pia. Habari ilimfikia Virginia huko Soy kabla ibada haijaisha.

Aliporudi hakugomba. Alianza tu kumpa mumewe chai ya strungi. Maziwa yalikuwepo, Gerishon aliyaona kwa macho yake, lakini kikombe chake kilikuja cheusi asubuhi na jioni.

"Nionyeshe vile mimi nilikufanya ushindwe," Virginia alimwambia. "Usipoweza, Jumapili utanisafisha hapo hapo ulinichafulia."

Gerishon hakuwa na wasiwasi. Alimwita Wabuge nyumbani waurudie mchezo wote, hatua kwa hatua, Virginia akiwa ameketi pale. Wabuge ni mtu wa kanisa la Friends, na kusema uongo kwake ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Gerishon alisahau kwamba shahidi wa namna hiyo hana upande.

Walipanga kete za sataranji kati ya vikombe. Walikuwa wamefungua kwa ule mwanzo wa Kitaliano, wa tangu zamani: kila mmoja anasukuma askari aliye mbele ya mfalme, farasi wanatoka, maaskofu wanafuata. Kisha Gerishon alikuwa amewatoa askari wawili kama chambo, na Wabuge akawala wote wawili.

"Sasa tusimame hapa," Wabuge akasema, akimgeukia Virginia. "Mama Lynette, hapa mimi nilikuwa nimeisha. Mzee alikuwa tu achukue huyu askofu wake agonge askari wa karibu na mfalme wangu. Mfalme akimla, malkia wake anatoka, ananipea cheki, yaani anamtisha mfalme. Nikikimbiza mfalme, malkia anakula askofu wangu. Nabaki na mfalme huko nje kama mtu amefungiwa mlango."

"Na hakuona?"

"Aliona. Alimshika hata. Halafu akamrudisha."

Gerishon akajishughulisha na kikombe chake. Katika sataranji, ukigusa umecheza. Wabuge angeishikilia sheria hiyo, askofu angelazimika kwenda, na Gerishon angeshinda bila kupenda.

"Mbona hukunilazimisha?" Gerishon akauliza, kwa uchungu kabisa.

"Wewe ni rafiki, Mzee. Nikaona tuishi kwa amani."

Virginia akamgeukia mumewe. "Ulimrudisha kwa nini?"

"Ni askofu," Gerishon akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nimtoe kafara hivi hivi, halafu tena nimle mwenzake?"

"Na wewe, Bwana Wabuge, ungemtoa?"

"Sisi Friends hatuna askofu, Mama. Kwangu hiyo ni mbao tu."

Wakaendelea. Malkia wa Gerishon akaliwa. "Simu yangu iliita hapa?" Virginia akauliza. Bado. Ngome zikaenda, farasi wakaenda. "Hapa?" Bado. Mwishowe Wabuge akainua kidole. Upande wa Gerishon alikuwa amebaki mfalme anayetafuta pa kujificha, na maaskofu wawili wazima, hawajaguswa hata na vumbi.

"Hapa ndio iliita. Nafikiri Mzee hata alishukuru."

Gerishon aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atazame viatu vyake. Virginia aliinuka. Alikusanya vikombe.

Jumapili ilipofika, ikawa ndiyo siku askofu mwanzilishi wa kanisa lao amekuja kuwatembelea. Gerishon alipomwona ameketi mbele, na joho lake la zambarau, alitamani kutoroka. Lakini Virginia alikuwa anamtazama, na ahadi ni deni. Akasimama.

"Nilimsingizia mke wangu," akasema. "Simu yake haikuwa na makosa. Aliyeniponza ni askofu. Nilimhurumia, na ilifaa nimtoe mapema."

Askofu akavua miwani polepole. Mtu mmoja huko nyuma, kwa mazoea tu, akaitikia, "Amina."

Gerishon akageuka kumtazama mkewe.

Ndipo Virginia akainuka kutoka upande wa akina mama. "Anasema mchezo wa chess, Baba Askofu," akasema. "Ni kipande cha mbao."

Askofu ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakamfuata. Gerishon akaketi, jasho likimtiririka, na moyo ukamtulia. Mke aliye na hasira angebaki kwenye kiti chake, amwache amalizane na askofu mwenyewe.