Mfuko Wenye Picha ya Yai

Juzi, kwenye duka la pembejeo pale Murongo, nilimsikia muuzaji akimwambia mteja, "Kuku hao hawajaanza kutaga. Wape chakula cha kukuzia kwanza. Hiki cha wanaotaga kina chokaa nyingi, kitawaharibu figo." Nilitoka bila kununua kilichonipeleka.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwetu Nyakasimbi. Mama alikuwa na mitetea kumi na wawili na mifuko miwili ya chakula. Mmoja, wenye picha ya yai, alisema ni wa baadaye. Mimi niliamini mayai yanatoka humo. Kila nilipotumwa kuwalisha nilichota humo kwa siri, unga unaonuka dagaa, nikayangoja mayai. Wiki zilipita, mitetea wakazubaa, kisha wakaanza kufa.

Alasiri moja Mama alimkuta wa tano chini ya mgomba. Aliketi, akampakata.

"Ni jicho la Mama Koku," alisema. "Si ndiye aliyekuja kuwasifia?"

Jirani yetu huyo aliwasifia kweli, kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimeshaanza kuuogopa ule mfuko. Nilificha viganja vyangu mgongoni.

Tangu siku hiyo Mama hakumwitikia salamu. Mama Koku alinisimamisha njiani.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako nimemkosea nini?"

"Sijui."

Alinitazama kidogo, akanipa ndizi mbivu kutoka kwenye kikapu chake. Niliila yote kabla sijafika nyumbani.