Jibu la Pili

Msinifundishe habari za neno "Imetumwa". Nimeishi nalo miaka minne katika ofisi moja ya mtaa wa Najma, Doha, nikitunza kompyuta za kampuni ya walinzi, na ujanja wake ninaujua.

Programu yetu ya zamu iliunganishwa na mtambo wa kampuni ya simu. Mlinzi akipangiwa lindo, programu inaukabidhi mtambo meseji, nao unajibu mara mbili: kwanza kwamba umeipokea, kisha baadaye kwamba imefika kwenye simu yake au haikufika. Jibu la pili lilikuwa likijaza skrini. Msimamizi wa zamu, Mkenya mwenzangu, akalalamika linamchosha macho, akaniamuru nilizime. Nikalizima bila hata kubisha. Tangu hapo, mtambo ukishapokea tu, programu iliandika "Imetumwa" na kunyamaza.

Siku moja lango moja la The Pearl, mtaa wa matajiri, likakosa mlinzi asubuhi nzima. Aliyepangwa alikuwa Mganda, mtu mzima mpole, na msimamizi akaamua arudishwe kwao.

"Mimi sikupata message, sister," aliniambia, akiweka mezani simu yake ndogo ya vibonye.

"System inasema ilitumwa," msimamizi akadakia. "Huyu ametoroka kazi. Anaenda home."

Niliifungua simu ile. Ilijaa meseji za zamu za miezi na miezi, hata nafasi ya moja haikubaki. Hakuwa amezifuta kwa sababu ofisi ilizoea kukana zamu alizofanya, na huo ndio uliokuwa ushahidi wake. Hasira ilinipanda. Nikaliwasha jibu la pili, nikamtumia meseji ya majaribio, tukangoja saa nzima, kwa kuwa isiyofika kwa muda huo hutupwa na mtambo. Jibu likaja: haikufika.

"Basi andika kwenye ripoti simu yake ndiyo mbovu," msimamizi akaninong'oneza. "Wewe utakuwa sawa, madam."

Niliandika nilivyotaka mimi: meseji haikufika, na ofisi haikujua kwa sababu nililizima jibu la pili kwa amri yake. Nikatia sahihi. Karatasi ile niliipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi.

Mganda alirudi langoni kwake. Mimi nilipewa barua ya onyo, na sikumwomba yeyote msamaha isipokuwa yeye.

Wiki hiyohiyo msimamizi akaja mezani kwangu. Skrini sasa ilionyesha kila mlinzi ambaye meseji haikumfikia, na ilimbidi awapigie simu.

"Zima hiyo kitu, inanisumbua."

Nikainuka, nikamsogezea kiti. "Zima mwenyewe. Halafu uandike jina lako."

Alikirudisha kiti mahali pake. Kisha akachukua simu, akaanza kuwapigia, mmoja baada ya mwingine.