Nilivyoziba Matangazo, Nikaziba na Mazishi

Nyumbani nimeshaomba radhi, lakini bado sijui pa kuuweka uso, ndiyo maana nawasimulia. Tunaishi wanawake wanne wa Kitanzania hapa Al Thumama, ughaibuni, na sote tunatumia waifai moja. Matangazo ya kamari yalituchosha, nami nikajitia fundi. Nikaingia kwenye ruta, nikaziba matangazo pamoja na kila anwani ya mtandaoni nisiyoijua. Wenzangu wakanisifu, kichwa kikanivimba.

Wiki hiyohiyo mama yake Da Zuhura akafariki Tanga. Da Zuhura hakupata ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo mdogo wake, Hamisi, akaahidi kurusha mazishi mtandaoni. Tulimzunguka Da Zuhura sebuleni tukisubiri, na ukurasa ukabaki mweupe.

"Wamenitenga," akalia.

Nikamkumbatia. "Ndugu ndivyo walivyo, dada. Muachie Mungu."

Jioni Hamisi akapiga simu ya kawaida. "Dada, pole. Ulimwona mama akisitiriwa? Hata shangazi aliyeko Muscat ameona."

"Kwetu hakikufunguka kitu," Da Zuhura akamjibu. Kisha akanigeukia taratibu, bila hasira.

"Mdogo wangu, kwenye ruta ulifunga nini na nini?"